Joto Lazima Lipewe Njia: Maoni Juu ya Rejeta ya Oili katika Ndege za Kujiundia

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa hupita Bungu kabla ya kufika Kibiti. Wengi huikumbuka kwa mikorosho na minazi yake, na kwa joto la mchana ambalo humfanya abiria aombe dirisha lifunguliwe. Likizo iliyopita nilikwenda huko kuwaamkia wazee wangu, nikaitwa nyuma ya nyumba ya jirani nikatazame kazi ya kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, ambaye sasa ni fundi wa pikipiki. Chini ya mwembe palikuwa na kiunzi cha ndege ya viti viwili, kilichoundwa kwa mabomba ya chuma. Mbele yake ilifungwa injini iliyotolewa katika gari la Mazda lililopata ajali, injini ya aina isiyo na pistoni.

Baada ya kuniamkia, kijana yule hakuniuliza kama ndege itaruka. Aliniuliza hivi: "Mwalimu, hii rejeta ya oili niiweke wapi? Nafasi iliyobaki ni hapa tu, nyuma ya rejeta ya maji."

Watu waliokuwapo walicheka. Kwao lilikuwa jambo la mzaha kwamba mtu anayetaka kuruka angani anahangaishwa na kijisanduku chenye mapezi ya bati. Mimi sikucheka, kwa sababu katika kazi yote iliyokuwa chini ya mwembe ule hapakuwa na swali lililo muhimu kuliko hilo. Maoni yangu ni kwamba rejeta ya oili si kiungo cha kutafutiwa nafasi baada ya vingine vyote kukaa. Mahali pake ni lazima papangwe mapema, kwa hesabu, na kwa kufuata hali ya hewa ya mahali ndege itakaporukia. Tena naamini kwamba hesabu hiyo iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa sekondari, mradi afundishwe kuitumia.

Kabla ya kuingia katika hesabu, yafaa tukumbuke kwamba nchi hii ilikwisha kuona ndege zikishindwa kwa sababu ya joto, na mahali penyewe si mbali na Bungu. Mnamo tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikaenda kujificha katika delta ya Rufiji. Kwa kuwa mikoko iliificha isionekane kutoka baharini, Waingereza walitafuta ndege ya kuichungulia. Walimkodi rubani wa kiraia aitwaye Dennis Cutler, pamoja na ndege yake ya majini ya aina ya Curtiss, wakaanza kazi mwezi Novemba kutoka kisiwa kidogo karibu na Mafia. Injini ya ndege hiyo ilipozwa kwa maji. Rejeta yake ilipoharibika hapakuwa na ya akiba, ikabidi itafutwe Mombasa, na iliyopatikana ikawa ya gari la Ford. Kwa hiyo moja kati ya ndege za kwanza kabisa kuruka juu ya Rufiji iliruka ikiwa na rejeta ya gari. Kijana wetu wa Bungu hajaanzisha jambo geni.

Mwanzoni mwa 1915 zililetwa ndege za majini za Sopwith zenye injini ya Gnome ya nguvu za farasi 100. Katika hewa yetu ya joto na unyevu injini hizo hazikutoa nguvu zilizotarajiwa, na mbao zilizounganishwa kwa gundi zilianza kuachana. Ndege zilizoundwa kumbeba rubani, mtazamaji na mabomu zilishindwa kupaa na mzigo huo. Baadaye zikaja ndege za Short, nazo zilipanda kwa shida. Hatimaye zililetwa ndege nyingine zilizorukia kiwanja cha nchi kavu kisiwani Mafia, na hizo ndizo zilizoongoza mizinga mwezi Julai 1915, hata Königsberg ikaangamizwa tarehe 11 ya mwezi huo. Dola iliyokuwa na majeshi makubwa ya majini kuliko yote duniani ilihitaji miezi kadhaa kujifunza kwamba chombo kilichopimwa katika baridi ya kaskazini hakina budi kupimwa upya katika joto la Rufiji.

Hapa yanipasa kuondoa utata wa jina. Injini za Gnome ziliitwa injini za mzunguko, na injini ya Mazda ya kijana wa Bungu nayo huitwa hivyo hivyo, lakini ni vitu viwili tofauti. Katika Gnome, iliyobuniwa na ndugu wawili wa Ufaransa waitwao Seguin, shafti ilifungwa isizunguke, na silinda zote zikazunguka pamoja na rafadha, yaani lile panga la mbele. Silinda zilijipoza kwa kuikata hewa. Oili yake ilikuwa ya mbarika, ambayo wengi wetu tunaijua kama mafuta ya nyonyo, kwa sababu haichanganyiki upesi na petroli. Oili hiyo ilipita mara moja tu na kutupwa nje pamoja na moshi. Maadamu haikurudi, haikuhitaji kupozwa.

Injini ya pili ni ya Mjerumani Felix Wankel. Ya kwanza ya aina hiyo iliwashwa mwaka 1957 katika kampuni ya NSU, na kampuni ya Mazda ya Japani ikaanza kuiuza katika magari yake mwaka 1967. Ndani yake hamna pistoni wala vali. Mna rota yenye umbo la pembetatu iliyobenuka mbavu, inayozunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa katikati. Kila rota inapozunguka mara moja, shafti huzunguka mara tatu. Ndiyo maana waundaji wa ndege huweka giaboksi ya kupunguza mzunguko kabla ya rafadha. Injini hii ni ndogo, nyepesi kwa kulinganishwa na nguvu zake, na ina viungo vichache vinavyokwenda. Hayo ndiyo yanayowavutia wanaojiundia ndege katika nchi mbalimbali.

Lakini rota imezungukwa na moto pande zote, na maji ya kupoza hayawezi kuifikia, kwani hupita katika kuta za chumba tu. Kinachoipoza rota ni oili, ambayo hurushwa ndani yake kutoka katika shafti, ikachukua joto na kudondokea chini. Kwa hiyo oili ya injini ya Wankel ina kazi mbili kubwa: kulainisha na kupoza. Kwa makadirio ya kawaida, karibu theluthi moja ya joto linaloondolewa kwa maji na oili hupita katika oili. Mtu akiidharau rejeta ya oili, ameidharau theluthi ya upozaji wa injini yake. Oili ikizidi joto huwa nyepesi, utando wake katika beringi hukatika, na chuma hugusa chuma. Garini jambo hilo humsimamisha dereva kando ya barabara. Angani hakuna kando ya barabara.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue kwa mfano kwamba injini inatoa kilowati 120, yaani nguvu za farasi 160 hivi, na kwamba oili yake inapaswa kuondoa kilowati 30 za joto. Hilo ni sawa na joto la majiko 15 ya umeme ya kilowati 2 kila moja, yote yakiwaka kwa pamoja. Kilo moja ya hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Sentigredi huchukua kilojuli 1 hivi. Tukiiruhusu hewa iingie katika rejeta ikiwa na nyuzi 32 na kutoka ikiwa na nyuzi 62, kila kilo itachukua kilojuli 30. Basi tunahitaji kilo 1 ya hewa kila sekunde. Kwa joto la nyuzi 32 karibu na usawa wa bahari, meta moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.16. Kilo yetu moja ni lita 860 hivi, yaani zaidi ya mapipa manne ya lita 200, nayo yapite kati ya mapezi kila sekunde bila kukosa.

Ni nini kinachoisukuma hewa hiyo? Ni mwendo wa ndege. Kanieneo inayopatikana hewa inaposimamishwa ni nusu ya densiti mara mraba wa kasi. Kwa kasi ya meta 40 kwa sekunde, ambayo ni kilometa 144 kwa saa, tunapata paskali 930 hivi. Hicho ni kimo cha maji cha sentimeta 9 na nusu tu. Kasi ikipungua hadi meta 20 kwa sekunde, kanieneo haipungui kwa nusu, bali hubaki robo: kimo cha maji cha sentimeta 2.4. Hapa ndipo hatari ilipo. Wakati wa kupaa, injini hutoa nguvu zake zote na joto lake lote, huku ndege ikienda polepole na hewa ya kupoza ikiwa haba. Rejeta inayotosha wakati wa safari ya juu yaweza kushindwa kabisa katika dakika tatu za kwanza.

Tuongeze na suala la hali ya hewa. Kiasi cha joto kinachotoka katika rejeta hutegemea tofauti baina ya joto la oili na joto la hewa. Oili ikiwa na nyuzi 95 na hewa ya nje ikiwa na nyuzi 10, tofauti ni nyuzi 85. Oili ile ile katika hewa ya Bungu yenye nyuzi 32 ina tofauti ya nyuzi 63. Tumepoteza kama robo ya uwezo wa rejeta kabla injini haijawashwa. Kwa hiyo mtu akinakili vipimo kutoka katika mchoro wa mtu wa Ulaya aliyerusha ndege yake asubuhi ya baridi, anakuwa amenakili kosa. Mchoro wenyewe waweza kuwa sahihi, lakini haukuchorwa kwa ajili ya Bungu.

Sasa tulirudie swali la kijana. Rejeta ya oili isiwekwe nyuma ya rejeta ya maji, kwa sababu hewa ikifika hapo imekwisha kupata joto na kanieneo yake imepungua. Kila rejeta ipewe mlango wake wa hewa. Mlango huo uwe mdogo kuliko uso wa rejeta, na njia itanuke kidogo kidogo, ili hewa ipunguze kasi na kuongeza kanieneo. Njia ikipanuka ghafula hewa hujiviringa, na sehemu ya rejeta haipati kitu.

Nyuma ya rejeta panahitaji uangalifu ule ule. Hewa hupita kwa tofauti ya kanieneo baina ya mbele na nyuma, kwa hiyo tundu la kutokea lazima liwe mahali penye kanieneo ndogo, na liwe na nafasi ya kutosha, kwani hewa iliyopata joto hutanuka. Wengi hufungua mlango mkubwa mbele na kusahau kwamba nyumba isiyo na mlango wa nyuma haipitishi upepo.

Aidha, rejeta ni ya aluminiamu nyembamba, na injini hutetemeka. Isifungwe kwa boliti kavu kavu juu ya injini au kiunzi, bali ikae juu ya vipande vya mpira, na mipira ya oili iachiwe ulegevu kidogo ili isivute shingo za rejeta. Mipira hiyo iwe ya aina inayostahimili oili ya moto na kanieneo yake, si mpira wowote wa dukani. Shingo zielekee juu inapowezekana, ili hewa isibaki imenaswa ndani. Rejeta na mipira yake vikae mbali na bomba la moshi, kwa kuwa moshi wa injini ya Wankel ni wa moto sana, na oili ikivuja juu ya bomba hilo huwaka. Mwisho, mapezi yakaguliwe kila mara. Vumbi na nyasi kavu za viwanja vyetu zikijaa humo, hesabu zote nilizotoa hazina maana.

Liko jambo moja ambalo sikulijua kwa vitabu, na sina haya kulieleza. Nilipokuwa nikisoma shahada ya udaktari ng'ambo, nilijiunga na kikundi cha watu waliokuwa wakiunda ndege yenye injini kama hii. Kwa kuwa nilikuwa msomi wa uhamishaji joto, nilipewa kazi ya rejeta ya oili. Nilikokotoa eneo la uso wake kurasa kwa kurasa. Tulipoijaribu, kipimo cha oili kilipita nyuzi 115, nami nikasema kwamba kipimo kilikuwa kibovu. Fundi mmoja mzee wa karakana alichungulia, akaingiza kidole kati ya rejeta na ukuta wa njia ya hewa, akanitazama. Upenyo wa kidole kimoja ulizunguka rejeta pande zote. Hewa, kama maji, hupenda njia rahisi. Ilikuwa ikipita pembeni badala ya kupenya katika mapezi. Alijaza upenyo ule kwa sponji isiyoshika moto. Tulipojaribu tena, oili ilitulia chini ya nyuzi 100. Kurasa zangu zilikuwa sahihi, ila zilihusu hewa ambayo haikuwa ikipita katika rejeta.

Kwa nini nayaeleza haya katika jarida linalosomwa na walimu na wanafunzi? Kwa sababu kila baada ya muda tunasikia habari za kijana wa mahali fulani katika Afrika Mashariki aliyeunda ndege au helikopta kwa mikono yake. Mara nyingi hupokewa kwa namna mbili. Wengine humcheka. Wengine humsifu kupita kiasi, humpiga picha na kumwita mtaalamu kabla chombo hakijapimwa. Namna hizi mbili zinaonekana kupingana, lakini zote zinamnyima kijana kitu kile kile, yaani kipimo. Anayecheka haoni haja ya kupima, na anayesifu pia haioni. Kisha Mamlaka ya Usafiri wa Anga inapomkataza kuruka, kama iwajibikavyo kwa chombo kisichokaguliwa, watu hulalamika kwamba kipaji kimeuawa. Sikubaliani nao. Sheria hiyo inalinda uhai wa kijana na wa watu walio chini yake. Kinachoua kipaji ni kumwacha bila vipimajoto, bila hesabu, na bila mtu wa kumweleza kwa nini.

Wako watakaosema kwamba fedha na muda wa shule zetu havitoshi hata kwa mambo ya kawaida, sembuse rejeta za ndege. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba somo ni lile lile kwa mashine ya kusaga inayozimika mchana, kwa pampu ya bustani, na kwa boti ya injini ipitayo mikono ya Rufiji. Wala vifaa si vya gharama. Mpira mwembamba unaoonyesha, ukipindwa kama herufi U na kutiwa maji yenye rangi, hupima kanieneo ya mbele na nyuma ya rejeta. Rejeta kuukuu kutoka gereji, ndoo ya maji ya moto, feni na maboksi ya karatasi ngumu vinatosha kuonyesha tofauti kati ya rejeta iliyozibwa pembeni na ile iliyoachwa wazi. Wanafunzi wapime dakika zinazohitajika maji kushuka kutoka nyuzi 80 hadi 60 katika hali hizo mbili, wachore grafu, kisha waulizwe kwa nini. Wataikumbuka kanuni hiyo muda mrefu baada ya mtihani kupita.

Kijana wa Bungu nilimwachia vipimajoto viwili na mpira wa meta mbili, tukakubaliana kwamba ndege isitoke chini ya mwembe mpaka anionyeshe namba, na kwamba hata namba zikiwa nzuri, kuruka ni kwa kibali tu. Aliitengenezea rejeta ya oili njia yake mwenyewe ya bati, akaifunga juu ya gari dogo la mizigo, na rafiki yake akaliendesha kwa kilometa 60 kwa saa. Kwa kasi hiyo kanieneo yote inayopatikana ni kimo cha maji cha milimeta 16. Mara ya kwanza alipata tofauti ya milimeta 7 baina ya mbele na nyuma ya rejeta. Alipoziba pembeni kwa sponji na kupanua tundu la nyuma, alipata 12. Aliniletea namba hizo zimeandikwa kwa kalamu ya risasi katika daftari la mahesabu ya pikipiki, na chini yake ameandika swali: milimeta 4 zilizobaki zimepotelea wapi?

Sijui kama ndege yake itaruka. Lakini mtu anayeuliza milimeta 4 zimepotelea wapi amekwisha kuingia katika sayansi, na ni wajibu wa shule zetu kuhakikisha kwamba hayuko humo peke yake.